Mwongozo Kamili wa Kuchagua Aina ya Maharagwe Makubwa ya Kutambaa kwa Bustani ya Mboga

Anayefungua orodha ya mbegu za maharagwe makubwa ya kutambaa hukutana na majina mengi yaliyoambatana na picha nzuri: maganda marefu yaliyonyooka, maua mekundu yaliyofunika fito kutoka chini hadi juu, na ahadi ya mavuno yasiyokatika. Picha hizo ni za kweli, lakini kila moja ilipigwa mahali fulani na katika msimu fulani. Aina ile ile ikipelekwa penye mchana mfupi zaidi au usiku wenye joto zaidi yaweza kuota kwa nguvu, ikajaza majani hadi kwenye ncha za fito, na isitoe ganda hata moja la kupeleka jikoni. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauufuati mpangilio wa orodha za wauzaji. Unaanza na mwanga na joto la mahali bustani ilipo, unaingia katika nafasi na matumizi, na majina ya aina yanakuja baadaye, wakati msomaji anajua tayari anachokitafuta.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba huu ndio mmea unaoutaka

Maharagwe yanayozungumziwa hapa ni yale ambayo kwa jina la kisayansi huitwa Phaseolus coccineus. Asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati, kwenye mwinuko mkubwa wenye ubaridi na unyevu, na tabia zake nyingi hadi leo ni za mmea wa milimani. Ni ndugu wa karibu wa maharagwe ya kawaida, Phaseolus vulgaris, ambayo nayo yana aina zinazotambaa, na wauzaji wengine huyaweka yote mawili katika fungu moja kwa kuwa yote hupanda juu ya fito. Kabla ya kuchagua aina, mtu ahakikishe kwanza ni spishi ipi iliyo ndani ya pakiti.

Mbegu zenyewe husema mengi. Za maharagwe haya ni kubwa, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 1 au zaidi, na nyingi zina rangi ya zambarau iliyonyunyiziwa mabaka meusi, ingawa zipo nyeupe pepe na zipo za kahawia zenye madoa. Uthibitisho wa pili huja siku ya kuchipua. Maharagwe ya kawaida huinua juu ya udongo yale mapande mawili manene ya mbegu, ilhali maharagwe haya huyaacha chini, na kinachotokeza kwanza ni majani halisi. Kwa hiyo ndani ya majuma mawili hivi baada ya kupanda unaweza kujua kama ulichouziwa ndicho ulichokiomba.

Kuna tofauti nyingine mbili ambazo zina uzito katika uchaguzi. Mmea huu una mizizi minene inayohifadhi chakula, na mahali pasipo na sakitu huweza kukauka juu kisha ukachipua tena msimu unaofuata. Penye sakitu hufa, na mkulima hupanda upya kila mwaka. Aidha, maua yake hutegemea sana wadudu ili yatunge maganda, wakati maua ya maharagwe ya kawaida hujichavusha yenyewe. Ikiwa bustani iko mahali pa chini penye joto kali mwaka mzima na nyuki ni wachache, nashauri bila kusita kwamba maharagwe ya kawaida ya kutambaa yatakuwa chaguo bora zaidi, hata kama maua ya ndugu yake yanavutia kuliko yake.

Hatua ya pili: Jua urefu wa mchana wa mahali ulipo

Hili ndilo jambo linaloachwa mara nyingi zaidi, na ndilo linaloharibu kazi ya watu wengi ambao wamefanya mengine yote vizuri. Mimea mingi hupima urefu wa usiku na mchana ili ijue lini itoe maua, na maharagwe haya ni miongoni mwake. Aina zilizochaguliwa kwa vizazi vingi kaskazini mwa Ulaya zimezoea kutoa maua na maganda katika kiangazi ambacho mchana wake ni mrefu sana. London, kwa mfano, siku ndefu kuliko zote katika mwaka hupita saa 16 za mwanga wa jua. Penye latitudo ya nyuzi 45 siku hiyo hukaribia saa 15 na nusu. Penye nyuzi 30 ni saa 14 hivi. Penye nyuzi 20 ni saa 13 na dakika 20 au karibu na hapo. Na kwenye ikweta mchana hubaki takriban saa 12 mwaka mzima.

Aina ya mchana mrefu ikipandwa karibu na ikweta haifi. Huota, hukua, na pengine hupendeza kwa majani, lakini hukataa kutoa maua au hutoa machache yanayopukutika kabla ya kutunga. Mkulima asiyelijua hili huongeza mbolea, kisha maji, kisha dawa, na hakuna lolote kati ya hayo linaloweza kurefusha mchana. Mashamba ya biashara yaliyo karibu na ikweta ambayo hulima aina za Ulaya kwa ajili ya kuuza nje hulazimika kuwasha taa juu ya mimea usiku ili kuongeza saa za mwanga. Kwa bustani ya nyumbani gharama hiyo haina maana, na jibu ni kuchagua aina inayofaa tangu mwanzo.

Tafuta kwanza latitudo ya mahali ulipo. Ramani yoyote ya simu itakuonyesha. Ukiwa mbali na ikweta, tuseme nyuzi 40 au zaidi, karibu kila aina iliyo katika orodha za Ulaya itafaa, na unaweza kuihesabu hatua hii kuwa imekwisha. Ukiwa kati ya nyuzi 20 na 40, panga tarehe ya kupanda ili maua yaangukie miezi yenye mchana mrefu, mradi miezi hiyo isiwe pia ile ya joto kali, jambo ambalo hatua inayofuata italieleza. Ukiwa ndani ya nyuzi 20, tafuta mbegu za mchana mfupi au zile zisizojali urefu wa mchana. Njia ya uhakika zaidi ya kuzipata ni kuchukua mbegu kutoka kwa mkulima ambaye tayari anavuna katika latitudo kama yako, kwa kuwa mmea uliozaa pale umekwisha kujibu swali hilo. Zipo pia aina zilizozalishwa na watafiti kwa ajili ya nchi za tropiki, na muuzaji makini ataweza kukuambia kama aina anayoiuza imejaribiwa katika mchana wa saa 12. Asipojua, chukua mbegu chache tu za majaribio.

Jambo moja dogo linalohusiana na haya: aina ya mchana mfupi inayopandwa chini ya taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha yaweza kudanganywa na mwanga huo na kuchelewa kutoa maua. Iweke upande wa bustani ulio na giza.

Hatua ya tatu: Pima joto, hasa wakati wa maua

Mbegu huhitaji udongo wenye joto la kama nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi ili ziote bila kuoza, na miche huuawa na sakitu. Kwa hiyo penye majira ya baridi hupandwa pale tu hatari ya sakitu inapopita. Upande wa pili, joto likifika nyuzi 30 na kuendelea wakati wa maua, hasa kama usiku nao haupoi, maua mengi huanguka. Hapa ndipo asili ya mmea huu inapoonekana waziwazi: unapenda siku za joto la wastani na usiku wa ubaridi, na katika nchi za joto huhitaji nyanda za juu.

Inafaa kuelewa kinachotokea ndani ya ua. Lishike ua moja lililofunguka asubuhi na ulibonyeze taratibu bawa lake la kushoto, yaani petali ya pembeni iliyo upande huo, kwa kidole. Utaona ncha iliyojisokota ikichomoza kutoka ndani, ikiwa imebeba chavua. Hivyo ndivyo nyuki mzito anavyofanya anapotua: uzito wake huisukuma ncha hiyo itoke na imguse mwilini, na msuguano huo huutayarisha uso wa ua kupokea chavua aliyoileta kutoka kwa mmea mwingine. Pasipo nyuki wa kuligusa, ua mara nyingi huanguka. Nyuki wenye ulimi mfupi, hata hivyo, hujifunza kutoboa tako la ua na kunywa asali yake kwa njia ya mkato bila kuligusa kwa ndani. Ukiona vitundu vidogo kwenye sehemu ya nyuma ya maua na maganda ni machache, hicho ni kidokezo cha kwanza.

Kwa bustani yenye joto au upungufu wa nyuki, kuna njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ni aina zenye maua meupe, ambazo wakulima wengi wameziona zikitunga vizuri zaidi katika joto. White Lady na Desirée hutajwa mara kwa mara katika kundi hili. Ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu zaidi, ni aina zilizozalishwa kwa kuunganisha spishi hii na maharagwe ya kawaida, ambazo zimerithi uwezo wa kujichavusha zenyewe. Maarufu kati yake ni Moonlight, yenye maua meupe, na Firestorm, yenye maua mekundu. Hizi hutunga hata siku ambazo nyuki hawatoki. Haziondoi tatizo la joto kabisa, lakini hupunguza sababu moja kubwa ya maua kuanguka.

Kuna desturi ya zamani ya kuyanyunyizia maua maji jioni kwa kuamini kwamba hufanya yatunge. Kinachosaidia hasa ni unyevu wa udongo. Mpe mmea maji ya kutosha mizizini, lita 5 hadi 9 kwa kila meta moja ya mraba, kila baada ya siku 3 au 4 wakati wa ukavu, tangu vichipukizi vya maua vinapoonekana. Kisha funika udongo kwa matandazo. Aina yoyote utakayoichagua, hata ile inayosifiwa kwa kustahimili ukame, itakuangusha ikikauka katika majuma hayo.

Hatua ya nne: Amua kati ya aina ndefu na aina fupi

Aina nyingi hupanda hadi meta 2 na nusu au 3 na huhitaji fito imara. Fito za meta 2.4, zikizamishwa sentimeta 30 ardhini, hutosha, na zipangwe katika safu mbili zilizoachana sentimeta 45 hadi 60 na kufungwa pamoja juu, au katika mduara kama hema. Ukuta huo wa majani hukamata upepo mwingi na huweka kivuli kirefu. Basi, kabla ya kuchagua aina ndefu, simama bustanini na uangalie kivuli kitaangukia mboga zipi, na upepo mkali hutokea upande gani. Mahali penye upepo usiokoma, ukuta mrefu huvunjika au maua yake hukatika, na hata nyuki hupunguza kuja.

Aina fupi, kama Hestia, Pickwick na Hammond Dwarf, hufikia kama sentimeta 45 na hufaa vyungu vikubwa, vitanda vidogo na sehemu za upepo. Huanza kuzaa mapema kidogo kuliko ndefu, lakini mavuno yake kwa jumla ni machache na huisha upesi. Kasoro yake nyingine ni kwamba maganda hugusa udongo, yakapinda, yakachafuka, na yakaliwa na konokono. Kwa hiyo ningezichagua pale tu ambapo fito haziwezekani. Ipo pia njia ya kati: aina ndefu inayozaa mapema, kama Kelvedon Marvel, hukatwa ncha inapofika sentimeta 25 au 30 na kuendelea kupunguzwa kila inaponyoosha mkono, hadi iwe kichaka. Ni kazi ya mara kwa mara, nayo humfaa mtu anayepita bustanini kila siku.

Kuhusu wingi, mimea 8 hadi 12 ya aina ndefu iliyotunzwa vizuri hutosha familia ya watu wanne kwa msimu mzima. Watu wengi hupanda zaidi ya hapo, kisha hushindwa kuvuna kwa wakati, na ganda lililozeeka juu ya mmea huuambia mmea kwamba kazi yake imekwisha. Ni bora kuwa na mimea michache ya aina mbili zinazopishana kwa muda wa kuzaa.

Hatua ya tano: Fikiria kitakacholiwa

Matumizi ya kwanza, na ya kawaida zaidi, ni maganda mabichi. Hapa sifa kuu ya kuitafuta ni kutokuwa na uzi, ule unaopita kwenye kingo mbili za ganda. Aina za zamani zina uzi mgumu ambao hubidi uvutwe kabla ya kupika. Aina nyingi za sasa hazina uzi, au huupata ganda likishachelewa. Polestar, Desirée, Lady Di na Butler ni miongoni mwa zile zinazojulikana kwa hilo. Lakini asidhani mtu kwamba sifa hiyo itamwondolea wajibu wa kuvuna mapema. Chukua ganda la sentimeta 15 hadi 20, ulivunje katikati: likivunjika kwa mlio na vipande vikaachana bila kuning'inia, liko katika wakati wake. Likipinda kabla ya kuvunjika, au ukipitisha kidole gumba juu yake na kuhisi vimbe za mbegu, limeanza kukomaa, na hata aina isiyo na uzi itakuwa na ngozi ngumu mdomoni. Vuna kila siku ya pili au ya tatu.

Urefu wa ganda ni sifa inayopewa uzito usiostahili. Enorma na Stenner hutoa maganda marefu sana yaliyonyooka, na hupendwa na wanaoshindana katika maonyesho ya mboga, ambako urefu na usawa wa maganda hupewa alama. Kwa jikoni, ganda fupi lililojaa na laini lina faida kuliko refu lililosubiriwa. Ikiwa huna nia ya kushindana, usilipe zaidi kwa ajili ya urefu.

Matumizi ya pili ni mbegu kavu. Kwa kusudi hili chagua aina yenye mbegu nyeupe na kubwa. Czar, aina ya zamani yenye maua meupe, hulimwa hasa kwa hilo na mbegu zake zikipikwa huwa laini kama siagi. Sharti ni kuwa na msimu mrefu, kwani ganda hubidi likauke juu ya mmea, na mahali ambapo mvua au sakitu huja mapema mbegu huoza ndani ya ganda. Mimea ya mbegu kavu isivunwe mabichi, la sivyo mmea utaendelea kutoa maua mapya huku ukichelewesha yale yaliyotangulia.

Hapa lazima nitoe onyo ambalo halipaswi kuachwa. Maharagwe haya yakiwa mabichi, na hasa mbegu zake, yana protini iitwayo lektini inayosababisha kutapika na kuharisha vibaya. Mbegu kavu zilowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha zichemshwe katika maji mapya yanayotokota kwa nguvu kwa nusu saa kabla ya kupunguza moto na kuendelea hadi zilainike. Kuzipika tangu mwanzo kwa moto mdogo kwenye chombo kisichofikia kiwango cha kuchemka hakuondoi sumu hiyo. Maganda mabichi nayo yapikwe, yasitiwe kwenye kachumbari yakiwa hayajaiva.

Matumizi ya tatu ni uzuri wa maua, na si jambo la kudharau. Huko Ulaya mmea huu ulipandwa kwanza kwa ajili ya maua kabla watu hawajauzoea kama mboga. Bustani iliyo mbele ya nyumba inaweza kupata pambo na chakula kwa fito zile zile. Painted Lady, mojawapo ya aina za zamani kuliko zote zinazouzwa bado, ina maua ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe, na Sunset ina maua ya waridi yaliyofifia. Painted Lady ina maganda mafupi yenye uzi, hivyo ivunwe ingali changa sana.

Hatua ya sita: Sasa tazama majina

Ukishafika hapa, orodha iliyokuwa ndefu imebaki na majina matatu au manne. Kwa mtu wa latitudo ya juu, mwenye kiangazi cha ubaridi na nyuki wa kutosha, Scarlet Emperor bado ni mwanzo mzuri: ni ya zamani, hupatikana kwa urahisi, ladha yake inasifiwa, na huvumilia makosa ya mkulima mgeni. Udhaifu wake ni uzi. Mtu huyo huyo akitaka maganda yasiyo na uzi, achukue Polestar au Lady Di. Aliye na kiangazi cha joto ajielekeze kwa Moonlight au Firestorm, na aongeze White Lady akipenda kulinganisha. Mwenye chungu tu, Hestia. Mwenye nia ya kuweka akiba ya mbegu kavu, Czar.

Kwa aliye karibu na ikweta, majina haya yote yabaki katika majaribio hadi yathibitike, na nafasi kubwa ya bustani ipewe mbegu kutoka kwa wakulima wa nyanda za juu wa latitudo yake, hata kama mbegu hizo hazina jina lolote. Najua kwamba mbegu isiyo na jina huonekana hafifu ikilinganishwa na pakiti yenye picha, lakini mmea uliokwisha kuzaa chini ya anga kama lako umetoa ushahidi ambao pakiti haiwezi kuutoa.

Baadhi ya pakiti huwa na alama ya tuzo ya Award of Garden Merit, inayotolewa na Royal Horticultural Society ya Uingereza baada ya kuzilinganisha aina. Ni tuzo ya kuheshimiwa. Lakini ikumbukwe kwamba hukumu hiyo hutolewa kwa kuwafikiria watunza bustani wa Uingereza, wenye mchana mrefu na kiangazi cha wastani. Inamfaa sana mwenye hali kama hizo, na humwambia machache aliye mbali nazo.

Hatua ya saba: Soma pakiti na kagua mbegu

Tafuta mwaka wa kufungwa au tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa kuwa mbegu hizi huota vizuri zaidi ndani ya miaka 2 au 3. Ukiwa na shaka, zifunge mbegu 10 katika kitambaa chenye unyevu, uziweke mahali penye joto la wastani, na uhesabu zilizochipua baada ya siku 10. Zikiwa chini ya 7, panda kwa wingi zaidi au tafuta nyingine. Kataa mbegu zilizokunjamana, zenye matundu ya fukusi, au zenye mabaka ya majimaji yaliyokauka, kwani upo ugonjwa wa bakteria unaosafiri ndani ya mbegu na kujitokeza baadaye kama madoa ya majani yaliyozungukwa na duara la njano. Kwa sababu hiyo hiyo usiziloweke mbegu kabla ya kupanda: maji hueneza bakteria kutoka mbegu moja hadi nyingine, na mbegu kubwa kama hizi hupasuka.

Angalia pia kama pakiti inasema lolote kuhusu ustahimilivu wa kutu ya majani na batobato, ikiwa magonjwa hayo yamewahi kuonekana bustanini mwako. Mbegu zilizopakwa rangi zimetiwa dawa. Zisiliwe na watu wala mifugo.

Hatua ya nane: Jaribu kabla ya kujifunga na aina moja

Panda aina mbili au tatu katika safu moja, zenye udongo, maji na jua sawasawa, mimea isiyopungua 4 kwa kila aina. Weka mbegu kina cha sentimeta 5, zikiachana sentimeta 15 hadi 20, katika udongo uliochanganywa na mboji au samadi iliyooza vizuri, usiotuamisha maji na usio na asidi nyingi. Kila aina ipewe kibao chenye jina, kwa kuwa majani yake yanafanana mno na hakuna atakayekumbuka.

Andika tarehe nne: ya kuchipua, ya ua la kwanza, ya mavuno ya kwanza na ya mwisho. Kwa kawaida mavuno huanza majuma 12 hadi 16 baada ya kupanda. Pengo kati ya ua la kwanza na ganda la kwanza ndilo linalofundisha zaidi. Aina ikichelewa sana kutoa maua huku majani yakistawi, shuku urefu wa mchana. Ikitoa maua mengi yanayoanguka, shuku joto, ukavu au uhaba wa nyuki, na ulinganishe na jirani yake inayojichavusha: ikiwa Moonlight imetunga na nyingine zimeshindwa, tatizo ni nyuki kuliko joto. Pima mavuno kwa uzito kama una mizani, na onja maganda ya kila aina yakiwa na urefu sawa na yamepikwa kwa muda sawa, kwa sababu ganda kubwa la aina nzuri litashindwa na ganda changa la aina ya kawaida, na utalaumu aina bure.

Hatua ya tisa: Hifadhi mbegu za aina iliyoshinda

Kwa kuwa nyuki huchanganya chavua kati ya mimea, aina mbili zilizochanua pamoja zitazaa mbegu zilizochanganyika, na zile safu za majaribio hazifai kwa kusudi hili. Msimu unaofuata panda aina uliyoichagua peke yake, mbali na nyingine kadiri iwezekanavyo. Umbali wa nusu kilometa au zaidi ndio unaoleta usafi wa kuridhisha. Chagua mimea kadhaa, si mmoja tu, iliyotangulia kutoa maua, isiyo na ugonjwa, na yenye maganda laini. Yafunge kwa uzi wa rangi maganda ya kwanza ya chini, uyaache yakauke juu ya mmea hadi yageuke kahawia na mbegu zitikisike ndani.

Ukiyapukuchua, tandaza mbegu juu ya kitambaa na uzitazame rangi. Kwa kawaida maua meupe huzaa mbegu nyeupe, maua mekundu huzaa mbegu za zambarau zenye mabaka meusi, na Painted Lady huzaa za kahawia zenye madoa. Mbegu yenye rangi ya kigeni katika ukoo uliokuwa mweupe ni dalili kwamba chavua ya nje iliwahi kuingia, itoe. Zilizobaki zikaushwe kivulini hadi ukucha usiache alama juu yake, zitiwe katika chupa yenye mfuniko pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa aina, mwaka na tarehe ya ua la kwanza, na ziwekwe mahali pakavu penye ubaridi.